Bulo ya chini, mguu wa kushoto

Mwaka 2018 nilikuwa bado apranti, mwanafunzi wa ufundi, kwa garaji moja ya Majengo, hapa Goma. Nikisema garaji usifikirie jengo, ilikuwa parseli yenye uzio wa mbao, mabati machache ya kukinga mvua, na chini ni yale mawe meusi yalibaki tangu volkano ya Nyiragongo ishuke mjini Januari 2002. Kriki, yaani jeki, haikai kwa mawe kama hayo, inateleza, kwa hiyo kazi ya kwanza ya apranti asubuhi ni kutafuta mbao za kuweka chini ya kriki, na zikipotea ni wewe unaulizwa. Bosi wetu tulimwita Mzee. Wateja nao walimwita Mzee, hata wale wenye kumzidi umri.

Siku hiyo akaingia shofere wa Toyota Carina, kazi yake kubeba watu njia ya Sake, anasema akikanyaga freni (breki) usukani unatetemeka na kuna sauti ya chuma kwa chuma mbele kushoto. Tukatoa gurudumu. Plaketi, yaani pedi ya freni, ilikuwa imekwisha zamani, kile kibati cha nyuma ndicho kilikuwa kinakula disiki, imechimbika mifereji mpaka ukucha unaingia. Hapo hakuna mjadala, disiki ya kubadilisha, na yeye mwenyewe alikuja nayo tayari, aliinunua Birere, imefungwa kwa gazeti.

Etriye, kile chuma chenye kusukuma plaketi zibane disiki, inashikwa na bulo (bolti) mbili za 14, ni milimita za kichwa, hizo zilitoka haraka. Ukiishatoa etriye unaifunga juu kwa waya, usiiache ininginie kwa ule mpira wa mafuta ya freni, mpira unaweza kuharibika kwa ndani na wewe kwa nje huoni kitu. Nyuma yake inabaki sapoti, chuma kizito chenye kushikwa na bulo mbili za 17, na bila kutoa sapoti disiki haitoki hata ulie. Ya juu ikalegea vizuri. Ya chini nilipoipitishia kidole nikajua leo tunalala hapa, pembe zote zimekwisha, kichwa kimekuwa mviringo kama kipande cha sabuni cha mwisho wa wiki.

Mzee akainama akaangalia, akanyamaza kidogo.

"Patro, nani aligusa hapa?"

"Mzee, mimi ni shofere tu, mwenye gari iko Bukavu. Ilipita kwa garaji ingine, bakanirudishia banasema disiki iko bado muzima."

"Bakashindwa njo bakasema vile."

Na kweli ukiangalia ile alama ungejua. Duyi (soketi ya kufungulia bulo) ya pembe 12 ikikutana na bulo yenye kutu inashika ncha za pembe tu, ukivuta kwa nguvu inaruka, ikiruka mara chache pembe zimekwenda. Ile ya pembe 6 inashika ubavu wa kichwa, ni tofauti kubwa sana na bei haitofautiani sana, sijui kwa nini mafundi wengi wanaendelea kununua ile ingine. Halafu kuna shida ya upande. Zile bulo mbili zinaangalia ndani ya gari, wewe umesimama nje unainama juu ya disiki, yaani bulo inakupa mgongo, mkono unakuambia hapa ndio kufungua kumbe unakaza. Mzee alikuwa na hakika yule wa kwanza alikaza sana kabla hajajua upande. "Alikuwa na hasira na bibi yake," akasema, shofere akacheka, mimi nikacheka kwa adabu.

Tukaanza na upole. Brosi ya chuma kutoa vumbi na kutu, degripa nyingi, yale mafuta ya kulegeza kutu, tukaiacha inyonye tukaenda kula ndizi. Tukarudi. Mzee akachukua duyi ya 16 ya pembe 6, akaniambia niipige kwa nyundo iingie kwa nguvu juu ya kichwa cha 17, maana kichwa kilikuwa kimepungua. Ikaingia kweli. Nikavuta, nikasikia kitu kinasogea, nikafurahi, kumbe ni duyi inajizungusha yenyewe na kuondoka na vipande vya chuma. Tukaleta pensi eto, koleo yenye kubana na kujifunga, tukaikaza mpaka mkono unauma, ikang'ata, ikateleza, ikang'ata, ikateleza. Kila ikiteleza mimi nagonga vidole kwa disiki na Mzee anasema "pole" bila kuniangalia.

Apranti mwenzangu akataka burini (patasi ya chuma) na nyundo, apige kwa ubavu ili izunguke. Mzee akakataa. Mahali penyewe ni padogo, nyundo haina njia ya kupita, na karibu hapo kuna mpira wa rotula, kile kiungo gurudumu linageukia, ukiupasua umemletea mtu deni ingine.

"Twende kwa sudere."

Sudere, fundi wa kuunganisha chuma kwa moto wa umeme, alikuwa jirani, ng'ambo ya barabara, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na grupu (jenereta) yake haina esanse (petroli). Shofere akatoa pesa ya esanse huku analalamika kwamba watu wa Sake wanamngoja, hakuna aliyemjibu. Wakati grupu inatafutwa sauti Mzee akanituma nitoe waya wa betri, ule wa minus, maana ukisude gari na betri imeungwa unaweza kuchoma vitu vya umeme ndani. Akafunika mipira kwa kitambaa kilicholowa maji.

Sudere akachagua ekru (nati) ya kle (spana) ya 19, tundu yake ni ndogo kuliko kichwa cha bulo, akaiweka juu, masi, ule waya wa kurudisha umeme, akaibana kwa sapoti yenyewe karibu kabisa na kazi. Akasude kwa ndani, kupitia ile tundu, akaijaza. Mimi nilikuwa nimegeuza uso, naona tu mwanga wa bluu unaruka kwa mbao za uzio. Alipomaliza nikakimbilia kle, Mzee akanishika bega. "Acha wekundu uishe." Tukangoja mpaka rangi ikarudi nyeusi ila joto bado unalisikia usoni. Sikujua siku ile kwamba dawa haikuwa ekru peke yake, ni lile joto nalo, bulo inavimba, ikipoa inasinyaa, kutu inapasuka.

Kle ya 19, Mzee mwenyewe. Kwanza akaisukuma kidogo upande wa kukaza, kidogo sana, halafu akarudi upande wa kufungua. Ikatoa sauti, kriiii, nywele zikasimama mwilini. Robo. Nusu. Akaniachia nimalizie, ikatoka na moshi wa degripa na meno yake yamejaa unga mwekundu.

Hiyo hairudishwi, hata kama mwenye pesa analia. Nilitumwa Birere na ile bulo iliyokufa mfukoni kama kipimo, na muuzaji akataka kunipa ndefu zaidi, "ni ile ile, Yaya." Si ile ile, ndefu inaweza kufika kwa disiki ikaanza kukwaruza. Tukapekua makopo yake mpaka tukapata yenye urefu na meno sawa.

Tulifunga gari jua linazama. Shofere akakanyaga freni mara kadhaa mpaka pedali ikapanda, akazunguka mtaa, akarudi anasema usukani umetulia, halafu akaanza ya pesa. Ya Mzee alilipa. Ya sudere ndiyo ilimuuma, dola tano kwa kitu cha dakika moja.

"Dakika moja?" sudere akasema, anafunga nyaya zake. "Sawa, patro. Toa hiyo bulo mpya nikuwekee ile yako."

Shofere akalipa, akaomba apunguziwe esanse iliyobaki kwa grupu. Akakataliwa.