Choroa Asiye na Mwenyewe: Malindi hadi Geti la Sala

Binamu yangu ameishi miaka sita na choroa, wale swala wakubwa wa pembe ndefu, lakini hajawahi kumwona choroa asiye na mwenyewe. Alinieleza hivyo Julai, tumekaa barazani kwa nyanya hapa Malindi, sinia la mahamri na mbaazi katikati yetu. Kazi yake huko Texas ni kuendesha wageni kwenye ranchi ya uwindaji. Anawachukua alfajiri, anawafikisha kwenye kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya nguzo, anarudi garini kusubiri mlio wa bunduki. Sasa likizo ilikuwa inamwishia na alitaka kitu kimoja: nimpeleke akamwone choroa wa kwetu.

Tukakodi Probox. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri tukiwa watatu, maana mjomba alisikia neno Galana akavaa viatu. Hakualikwa, na alikaa mbele.

Ukitoka Malindi kwenda Sala, geti la hifadhi ya Tsavo Mashariki, unaiacha bahari mgongoni na minazi inapungua kidogo kidogo: Ganda, Goshi, Kakoneni. Baada ya hapo ni vichaka na vumbi jekundu linaloingia hata kwenye chupa ya chai. Mto uko mkono wa kulia, hauonekani ila kwa mstari wa miti mirefu. Kwetu chini tunauita Sabaki. Ukipanda nao bara unaitwa Galana. Maji ni yale yale, rangi ya chai ya maziwa.

Langobaya tulisimama kunywa chai. Nyuma ya kibanda palikuwa na shamba la mahindi, na kona yake moja ilikuwa imelala chini kama iliyopitiwa na trekta. Mama mwenye kibanda akatuonyesha nyayo, kila moja pana kuliko sinia. Ndovu walikuja juzi usiku, akasema, na yeye na wanawe walipiga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Mwaka jana vilevile. Alijaza fomu ya fidia ofisini, ikapigwa muhuri, akaambiwa asubiri simu. "Hii hapa simu," akaitoa kwenye leso, akaiweka mezani. "Naichaji kila siku."

Binamu aliyatazama yale mahindi muda mrefu. Tuliporudi garini ndipo aliposema kwamba huko kwake mahindi hununuliwa kwa ajili ya wanyama.

Nikamwambia aeleze vizuri. Kuna pipa, akasema, limesimama juu ya miguu mitatu, limejazwa mahindi makavu. Chini yake kuna kisahani na betri. Saa iliyopangwa ikifika, kisahani kinazunguka na kurusha punje pande zote, na wanyama wameshaujua ule mlio, wanatoka vichakani kama kuku. Kibanda cha mgeni kinatazama pipa. Ua wa ranchi una urefu wa futi 8, kwa hiyo hakuna anayeruka. Mgeni anachagua kwenye orodha yenye bei: paa wa madoadoa wenye asili ya India, ambao wako Texas tangu 1932, nilgai, swala mkubwa, naye wa India, kondoo wa milimani kutoka Afrika Kaskazini, na choroa wa Sahara, mweupe, pembe zimepinda nyuma kama jambia. Huyo wa mwisho ni dola elfu kadhaa. Kulungu wa asili ya pale pale ana msimu wake wa kuwindwa, kwa sababu ni wa serikali. Wanyama hawa wa kigeni ni mali ya mwenye ranchi, kama mbuzi wake, na hawana msimu.

"Na akishaanguka?" mjomba akauliza.

Binamu akasema hapo ndipo kazi yake hasa inapoanza. Anafuta damu puani kwa kitambaa, anaurudisha ulimi ndani, anamkalisha mnyama kwa magoti kama aliyepumzika, anakata nyasi zinazoziba uso. Kisha anapiga picha. Alituonyesha moja kwenye simu. Mgeni anacheka, choroa macho wazi. Mjomba aliiangalia akairudisha bila neno, akafungua dirisha.

Mimi siwezi kusema kwamba kumpiga mnyama aliyeitwa kula ni kuwinda, na nilimwambia hivyo binamu. Hakukasirika. Akaniuliza kama najua kwamba choroa yule wa Sahara alitangazwa mwaka 2000 kuwa ametoweka porini kabisa. Wakati huo kwenye ranchi za Texas walikuwa wengi. Waliporudishwa Chad mwaka 2016, walitoka kwenye kundi lililotunzwa Abu Dhabi, na sehemu ya mbegu ya kundi hilo ilitoka Marekani. "Bila ile orodha ya bei," akasema, "nani angewalisha?" Sikuwa na jibu, na barabara ilikuwa na mashimo, kwa hiyo nikashughulika na mashimo.

Karibu na Sala, mjomba aliomba tushuke hadi ukingoni. Akanyoosha fimbo ng'ambo ya mto. Kule, akasema, ndiko nilikoanzia ujana wangu. Ranchi ya Galana ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, kubwa kuliko unavyoweza kutembea kwa wiki, na yeye aliajiriwa kijana wa kuosha vyombo kambini kwa wawindaji. Walikuja Wazungu kupiga nyati na ndovu, kwa leseni. Waliowafuatia nyayo walikuwa Wawaata, watu ambao baba zao waliwinda ndovu nchi hiyo hiyo kwa upinde mrefu na mishale ya sumu, hata wakafungwa kwa wingi katika miaka ya 1950, baada ya hifadhi ya Tsavo kuanzishwa 1948. "Jana jangili, leo fundi wa mgeni," mjomba akacheka kwa kikohozi. Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima, na kambi ikafungwa.

Lakini alichotaka kutuambia ni choroa. Katika miaka hiyo ya 1970 walijaribu kuwafuga pale ranchini, kwa sababu choroa anahitaji maji kidogo kuliko ng'ombe. Wachungaji waliwatoa asubuhi, wakawarudisha zizini jioni. Rafiki yake mmoja alikuwa mchungaji wao, ana kovu la pembe pajani. "Kwa hiyo hata hapa walikuwa na mwenyewe," binamu akasema, kama aliyeibiwa kitu. Mjomba akamjibu: "Kwa muda."

Tulilipa geti, tukaingia hifadhini, na kwa saa mbili hatukuona ila digidigi na vumbi letu wenyewe. Kisha mjomba, si mimi mwenye macho mazima, akasema simama. Walikuwa saba chini ya mgunga, rangi ya udongo, masikio yana vishungi vyeusi, pembe zimenyooka kama fito za kuezekea. Mmoja aligeuka ubavu na pembe mbili zikawa moja. Mkia ulipiga nzi. Hakuna aliyekuja upande wetu.

"Inchi 30," binamu akanong'ona. Halafu akajishika mdomo. Ni mazoea, akasema; macho yake yanapima kabla hajaona. Alikaa na simu mapajani, hakupiga picha, mpaka wakaondoka mmoja mmoja wakifuata kivuli.

Jioni tulipita tena Langobaya. Mama alikuwa anachoma mahindi mabichi aliyookoa, na debe lilikuwa tayari limewekwa mlangoni kwa ajili ya usiku. Tukanunua kumi tumpelekee nyanya nyumbani. Mjomba, ambaye siri haikai naye, alimweleza habari ya pipa la miguu mitatu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binamu.

"Hayo mahindi, mwanangu, nani anayalima?"

Binamu akafikiri. "Yanakuja kwa magunia," akasema.

Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda, akatuongezea mawili bure, akatuhimiza tuondoke kabla giza halijaingia, maana wenyewe walikuwa karibu kufika.