Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani na safari ya kutafuta kiti

Saa 1 asubuhi

Fremu yangu iko Tandika. Kabla sijamaliza kufagia, mtu kashasimama mlangoni na kitenge mkononi: "Fundi, leo inatoka?" Haitoki. Nina sare za harusi ya Jumamosi, na shuka la viraka la mama mmoja wa Mbezi aliyeniletea mfuko mzima wa mabaki ya vitenge vyake vya zamani. Natia cherehani mafuta, nafuta vumbi, nakaa.

Saa 2

Natumia cherehani ya miguu, haijali umeme umekatika au umerudi. Tatizo ni kiti. Ni kile cha plastiki chenye mikono, cha kukodi kwenye shughuli. Kwa kula pilau sina neno nacho. Kwa kushona ni adha tupu: mikono yake inagonga meza kabla sijaifikia sindano, basi nainamia kazi huku shingo imetangulia mbele kama ya korongo. Egemeo liko nyuma huko, mgongo wangu haujawahi kulijua.

Saa 4

Chai na chapati. Nampelekea kikombe jirani yangu, mzee anayeshona suti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Bado uko kwenye kiti cha msiba?"

Yeye aliwahi kununua kiti cha ofisi, kile cha kuzunguka chenye magurudumu. Kinapendeza, ila kila akikanyaga, kiti kinarudi nyuma, naye anaifukuzia cherehani. Akakipeleka nyumbani, wajukuu wanakiendesha sebuleni.

"Mteja unampima mpaka kwapa," akaniambia, "kiti unakichukua kwa macho?"

Saa 5

Nikachukua futi kamba. Meza ya cherehani, sentimita 76 kutoka sakafuni. Nikakaa, nikakunja viwiko bila kupandisha mabega: vilikuwa chini ya meza kabisa, ndiyo maana jioni mabega huwa yananiuma kama nimebeba zege. Kiti changu kina 44. Nikapanga vitenge vilivyokunjwa juu yake, kimoja kimoja, nikikanyaga na kujaribu. Kufika 50 hivi, mikono ikalala mezani yenyewe.

Mimi ni mfupi, na kwa kiti cha kawaida cha 50 miguu ingening'inia. Lakini kanyagio lenyewe limeinuka kutoka sakafuni, kwa hiyo nyayo zinalala vizuri na goti linakunjika sawasawa. Kiti cha cherehani ya miguu kinaweza kuzidi urefu wa kiti cha kulia chakula. Wa cherehani ya umeme wataweka kibao chini ya miguu.

Saa 6 mchana

Bodaboda mpaka Keko, kwa maseremala. Huko kila muuzaji anakusukumia seti ya makochi. Niliyemfuata alikuwa na stuli ya kaunta ya mninga yenye egemeo fupi. Nilipenda uzito wake, kwa sababu kiti chepesi hutembea ukikanyaga, na miguu yake imechomekwa kwenye matundu, haikupigiliwa misumari.

Nikakaa mwisho kabisa. Kati ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti vikaingia vidole vitatu. Vizuri, ukingo ukigusa hapo, miguu inakufa ganzi. Egemeo linashika kiuno na kuacha mabega huru.

"Kata ibaki 50," nikamwambia, "ila miguu ya mbele uipunguze zaidi kidogo."

"Dada, kitainama hicho."

"Ndiyo ninachotaka."

Fundi cherehani muda wote anaelekea mbele. Kiti kikielekea naye kidogo, kiuno hakilazimiki kujikunja. Akakata, akapiga msasa, tukabishana bei, nikashinda nusu.

Mto nilinunua sponji ngumu. Nilibonyeza kwa ngumi. Ngumi ikifika kwenye mbao, hiyo sponji ndani ya mwezi ni chapati. Leza, yaani ngozi ya bandia, nikaikataa. Kwa joto hili la Dar unakaa kavu unainuka umelowa, tena inateleza. Nitauvika pamba.

Saa 9

Nikakiweka sawa na sindano. Wengi hukaa katikati ya meza, lakini sindano iko upande, ndiyo wanajipinda siku nzima. Magauni mawili yakaisha, zipu na pindo.

Saa 11 jioni

Shuka la viraka. Hapa hata kiti kizuri hakitoshi. Likishaunganishwa na pamba na bitana, ni zito, na likining'inia upande wa kushoto linavuta sindano na bega pamoja. Kile kiti cha plastiki kikapata kazi: nimekiweka kushoto kwangu, shuka linakalia pale. Na kila bobini ikiisha nasimama, najinyoosha, kisha najaza uzi. Kiti kisikudanganye ukae saa tatu mfululizo.

Saa 12

Mzee akaja kujaribu. Kwake kifupi, magoti yakapanda karibu na droo. Nikampima: mrefu kama yeye, ukimpandisha kiti peke yake mapaja yanagonga meza. Inabidi meza nayo iinuliwe kwa vipande vya mbao chini ya miguu. Kesho anapita Keko kuvichukua, na kasema ataniachia hela ya chai niongozane naye.