Gundi ya Muhogo

Juzi kitinda mimba wangu alikuwa anapika gundi ya unga wa muhogo, ya kubandikia ramani ya shule, akaiacha ikashika chini. Ile harufu ikanikuta uani naanika nguo. Nikabaki na shati la mtu mkononi. Wengine wakinusa muhogo ulioungua wanakumbuka jikoni kwa bibi. Mimi nakumbuka kampeni.

Mjomba mnamjua, yule wa dagaa, mwenye mizani isiyomwibia mtu. Mwaka 2020 aligombea kiti cha mwenyekiti wa LC3, yaani baraza la kata, hapa kwetu Busia, Uganda, na mimi ndiye niliyempikia gundi, nikamwandikia maneno ya kusema redioni, na (hili silitaji sana nyumbani) mimi ndiye niliyemtafutia Mheshimiwa.

Kosa langu, kama lilikuwa kosa, lilianzia Bugiri. Julai 2018 nilikuwa huko kwa dada yangu wakati wa uchaguzi mdogo wa manispaa. Asuman Basalirwa alisimama kwa tiketi ya JEEMA, chama ambacho dada yangu hakujua hata rangi yake, na Bobi Wine, yule mwanamuziki mbunge, akaja kumshika mkono. FDC, chama kingine cha upinzani, nao walikuwa na Eunice Namatende, akinadiwa na Kizza Besigye. Rais Museveni naye akaja kumwombea kura John Francis Oketcho wa NRM, chama chake. Wakubwa watatu, mikono mitatu hewani, kwa mji ambao wengi huupita wakiwa ndani ya basi. Basalirwa akashinda. Mwezi uliofuata Arua nao wakamchagua Kassiano Wadri, naye yumo mahabusu, na huko pia Bobi Wine ndiye aliyekuwa amemsimamia. Basi nikarudi Busia na somo langu moja kichwani: mkono wa mkubwa unabeba. Kwamba Bugiri mikono miwili mingine haikubeba kitu, hilo halikunijia kabisa.

Ikaja 2020 na corona yake. Mpaka umefungwa kwa watu, yanapita malori tu, na dagaa wa Mjomba wanazeeka stoo. Mikutano ya hadhara marufuku, kampeni ni redio na kugonga milango. NRM nao wakatangaza kwamba mchujo wa chama safari hii hauna karatasi. Ni mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako, unahesabiwa, unakwenda nyumbani. Baba mdogo aliye ng'ambo, upande wa Kenya, akanipigia simu anacheka hadi anakohoa. "Mlolongo? Huo sisi tulimalizana nao 1988. Mstari mfupi ulikuwa unatangazwa kuwa mrefu, na aliyepata asilimia 70 alikuwa ameshapita, hakuna cha kura ya siri." Nikamwambia sisi tulipanga mistari hata 2018 kuchagua wenyeviti wa LC1, wale wa vijiji, na hakuna aliyekufa. Akasema haya.

Waliojitokeza kwetu walikuwa watatu, wote wa NRM, wote rangi ya njano, wote alama ya basi. Mmoja alikuwa na pesa. Mmoja alikuwa na ukoo mkubwa. Mjomba alikuwa na daftari. Daftari la madeni, la jalada gumu, lililofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nusu ya kata ilikuwa imeandikwa mle: nani kachukua kopo ngapi za dagaa, lini, na ameahidi nini. Hakuwahi kumwita mtu kwa LC kwa sababu ya deni. Watu walimpenda hivyo, kwa upendo ule wa mdaiwa kwa mdai mpole. Kwa hesabu zangu alikuwa anaongoza, ila kidogo, na kile kidogo ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi.

Nilisoma na msichana mmoja ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya Mheshimiwa. Simu tatu, nne, na mbuzi mmoja ambaye sitamweleza zaidi, na Mheshimiwa akaja. Alikaa dakika 20. Barakoa kidevuni, akaushika mkono wa Mjomba, akauinua, akasema huyu ndiye mtu wangu huku, nitafanya naye kazi. Mjomba alikuwa mfupi kuliko yeye, kwa hiyo ule mkono ulipopanda alisimama kwa vidole vya miguu. Maneno yale yale yakasomwa redioni jioni, na kesho yake asubuhi, na mchana.

Kisha mabango mapya. Yalichapwa Nasser Road, Kampala, yakafika kwa basi la usiku. Nilipofungua furushi nikaona jambo ambalo sikuliona kwenye simu: kichwa cha Mheshimiwa kilikuwa kikubwa kuliko cha Mjomba. Si kidogo. Mjomba alikuwa pembeni chini, kama picha ya marehemu kwenye fulana ya mazishi. Lakini pesa zimeshaliwa na siku zimeisha, tukapika gundi sufuria mbili, tukatoka na vijana wawili tukabandika usiku kucha juu ya yale ya zamani. Alfajiri bibi mmoja anayeuza chapati karibu na steji akasimama mbele ya ukuta, gundi bado inachuruzika, akatazama muda mrefu.

"Hawa wawili," akaniuliza, "anayesimama ni yupi?"

Nilicheka. Mjomba nilipomsimulia hakucheka.

Wiki ile ilikwenda mbio. Wadaiwa wakaanza kupita dukani: Mzee, sasa una Mheshimiwa, hivi vijisenti vyetu bado unavihitaji? Vijana wa kugonga milango wakaanza kuchelewa kuja, maana mtu aliyeshainuliwa mkono kazi yake si imekwisha? Na yule mwenye pesa na yule mwenye ukoo, ambao walikuwa hawaamkiani tangu kesi ya shamba, wakaonekana wanakunywa chai meza moja. Kufika Ijumaa mwenye ukoo alikuwa amejitoa. Neno lililotoka pale mezani lilikuwa moja, nalo likatembea kwa miguu yake lenyewe: wa kuletewa. Mjomba wangu, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kisimani, sasa ni mgombea wa kuletewa.

Siku yenyewe ilikuwa kiwanja cha shule, shule zimefungwa tangu Machi, majani yamefika magotini. Mawakala wawili tulisimama upande wa goli, kila mmoja ameshika picha ya mtu wake kifuani, na watu wapange mstari nyuma yetu. Tuliambiwa waachane mita mbili kwa ajili ya ugonjwa. Mstari wa corona hudanganya macho jamani. Watu 20 tu, na wa mwisho yuko kwenye mwembe.

Anayeshika picha anawatazama watu wakija. Hili sikuwa nimelifikiria. Anayepiga kura ya karatasi unamuona mgongo tu, anaingia, anatoka, anakusalimu. Kwenye mlolongo unamuona anakuja na uso wake. Unamuona anapoamua. Walikuja wa kwetu, jirani, mke wa fundi, mwalimu wa madrasa, wakapita pembeni yangu wakaenda nyuma. Wakaja wengine waliokuwa wameapa juu ya watoto wao, nao wakafika mahali fulani, kama hatua kumi hivi, macho yakaanguka kwenye picha, miguu ikakata kona yenyewe.

Halafu akaja mwenyekiti wa steji ya boda. Huyu tulikuwa na uhakika naye. Mke wake alipojifungua kwa upasuaji, Mjomba ndiye aliyelipa gari la kumpeleka Tororo, na haikuandikwa daftarini. Akaja moja kwa moja hadi akanifikia, barakoa imemshuka, nikaona ndevu zake mbili tatu nyeupe. Akaitazama picha. Kisha akanitazama mimi, kwa upole kabisa, kama mtu anayekuja kutoa pole.

"Mwambie Mjomba asinichukie, mama. Yeye ana mtu. Huyu mwingine hana mtu, ana sisi tu."

Akaenda mstari wa pili. Abiria wake wote wakamfuata kwa macho, na waendesha boda wenzake wakamfuata kwa miguu.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Sikupanga. Dole gumba langu la kushoto lilikunja bango. Nilikunja upande wa Mheshimiwa taratibu kwenda nyuma, nikabana kwa viganja, akabaki Mjomba peke yake, mdogo, pembeni chini, na juu yake uwazi mkubwa wa njano. Karatasi ile ilikuwa nzito, ikatoa mlio. Nadhani hata bila mlio wangeona.

"Anamficha Mheshimiwa!" akapiga kelele wakala wa pili. "Jamani, mtazameni, anamficha bwana wake!"

Kiwanja kizima kikacheka. Kilicheka mistari yote miwili, wa kwetu na wa kwao, na waliokuwa bado wamesimama katikati. Mtu aliyekuwa anakuja upande wangu, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akasimama, akaziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Alipomaliza kucheka akaenda upande wa pili. Sijui alikuwa anakwenda wapi kabla ya kucheka. Nimejiuliza miaka yote hii. Nikakunjua bango. Mheshimiwa akatokea tena, na sasa ana mkunjo katikati ya pua.

Hesabu ilifanywa kwa kijiti cha mwanzi, kila bega linanyooshewa, na kwa Kiswahili, ili Msamia asiseme amehesabiwa Kiteso wala Mteso asiseme amehesabiwa Kisamia. Sisi 58. Wao 83. Vituo vingine navyo vikaja kwa simu kimoja kimoja, na kufika saa kumi na moja jioni ilikuwa imekwisha.

Sasa ningekuwa napenda kusema ni Mheshimiwa aliyetuangusha, na mwaka wa kwanza ndivyo nilivyosimulia. Lakini nilikaa na yale matokeo ya vituo na hayakubaliani nami. Kwenye vijiji viwili vya kuelekea ziwani, ambako mvua ilikatiza njia na mabango mapya hayakufika kabisa, Mjomba alishindwa vibaya kuliko kwetu. Kwenye kituo cha biashara alikosimama Mheshimiwa zile dakika 20, alishinda. Labda redio ilifika kila mahali na bango halina maana. Labda ule ukoo ulikuwa wa ziwani. Labda pesa, kama kawaida. Mke wa Mjomba yeye ana jibu tangu siku ile ile na halijabadilika: "Umeshindwa kwa sababu hukufuta madeni." Mjomba anasema bila Mheshimiwa hata zile asingezipata. Anasema hivyo nikiwepo, na mimi nashindwa kujua kama ndivyo anavyoamini au ananihurumia.

Kitu kimoja tu nakiona sasa ambacho Bugiri kilinipita. Kule walikuwa wekundu, buluu, njano, mtu hajui Basalirwa ni nani mpaka aambiwe. Mkono wa mkubwa ulimtambulisha. Mjomba nani alihitaji kuambiwa? Sote tulikuwa njano, sote tunamjua na kopo lake. Ule mkono ulimtenga na nani, kama si na sisi? Lakini hata hili nalisema kwa sauti ndogo, maana mchujo ule ule wa 2020 mawaziri waliokuwa karibu na mkubwa wa wakubwa waliangushwa vijijini kwao, na wengine wa aina hiyo hiyo wakapita bila jasho. Na Januari 2021 Makamu wa Rais mwenyewe, Edward Ssekandi, akaanguka kule Masaka mbele ya mtu wa DP, wakati Buganda nzima kadi ya NUP, chama cha Kyagulanyi, ndiye Bobi Wine, ilikuwa inabeba hadi wasiojulikana. Nilimpelekea Mjomba habari ile ya Ssekandi kama pole. Akasema, "Kwa hiyo mimi na Makamu wa Rais." Akaendelea kupima dagaa.

Mwaka 2025 mchujo uliporudi, tena kwa mlolongo, kijana mmoja anayetaka kiti kile kile alifika dukani jioni na soda mbili na mkate. Nilikuwepo. Akazunguka sana kabla ya kusema, mwishowe akasema: anamwomba Mzee amshike mkono mbele za watu, kwa kuwa Mzee anaheshimika, na tayari amemtafuta mtu wa kutengeneza bango, wao wawili.

Mjomba akauliza, "Vichwa sawa?"

Kijana hakuelewa. Mimi nikajifanya natafuta kitu chini ya kaunta.

"Siku ikifika nitakuja nipange mstari wako," akamwambia. "Nitakuwa wa mwisho kabisa, huko kwenye mwembe. Lakini kubandikwa, mwanangu, sibandikwi."

Kijana akaondoka hajui kama amekubaliwa au amekataliwa. Mjomba akaivuta soda moja, nyingine akanisogezea. "Una maoni, mama?" akaniuliza. Nina jina la mama yake, ndiyo maana ananiita hivyo.

Nikasema sina.

Sufuria bado nimeiloweka. Gundi ya muhogo ikishika chini haitoki kwa siku moja.