Ukungu kwenye kioo cha gari: kitufe kimoja tu

Tumerudi Mbezi juzi, mimi na mume wangu. Safari ilikuwa Juni, gari la kukodi, kutoka Johannesburg kuelekea milima ya Drakensberg, Afrika Kusini. Siku mbili za kwanza, kila asubuhi kioo cha mbele kiliingia ukungu kwa ndani, barabara huioni. Nikafuta kwa khanga. Dakika mbili umerudi, tena na michirizi. Tukafungua madirisha, baridi ikatung'ata masikio. Hita mpaka mwisho: afadhali kidogo, kisha palepale.

Siku ya tatu, mji wa Harrismith, tukaelekeza hewa kwenye kioo, hita ikabaki kwenye joto, halafu tukawasha AC. Ndiyo, AC kwenye baridi ile! Kumbe hukausha hewa. Bado ukungu ukasuasua, mpaka nilipoona kitaa kinawaka kwenye kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani yake. Hicho huzungusha hewa ileile ya ndani, na pumzi zetu humo humo. Sisi wa Dar tunakibonyeza bila kufikiri, mazoea ya vumbi na moshi wa Barabara ya Morogoro. Nikakizima. Ukungu ukaanza kuondoka kuanzia chini, kama pazia linapandishwa, na chai kikombeni haijapoa.