Jumapili ya kufua kipigo

Saa 8 usiku

Lori linarudi nyuma kuelekea mlango wa stoo, tiit-tiit yake ikiamsha mbwa wa mtaa mzima. Mabasi ya wachezaji yametutangulia kwa nusu saa. Vijana walishashuka na kwenda kulala bila kusemeshana. Tumefungwa 63 kwa 3. Hizo 3 zenyewe tulizipata dakika za mwisho, wenyeji walipokuwa wameshapumzisha kikosi chao chote, nadhani walibakiza mbeba maji tu.

Mimi ni mtunza vifaa msaidizi wa timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya bandia, katika chuo kikuu cha mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Jina la chuo sitalitaja, nataka mshahara wa mwezi ujao. Nilitoka Tanga kuja kusoma, nikaanza kufua taulo nipate hela ya vitabu, nikahitimu, taulo zikanibakiza. Nimeona makocha wakuu wawili wakiondoka, na huyu wa tatu namwonea huruma, ingawa mshahara wake wa mwaka mmoja mimi nitaufikia nikiwa nimezeeka sana.

Tunashusha makasha. Harufu ikifunguliwa hapo, usiombe.

Saa 10 alfajiri

Mashine tatu zinazunguka. Damu hufuliwa kwa maji baridi kwanza, ukiipeleka kwenye moto inaganda kwenye uzi na jezi imekwisha. Halafu majani. Jana tulicheza kwenye nyasi za kweli, kwa hiyo suruali nyeupe zina kijani kuanzia magotini hadi kiunoni, na kijani cha nyasi ni kiburi kuliko damu. Soksi, fulana na kaptula za ndani za kila mchezaji zinaingia zikiwa zimefungwa kwenye mkanda wake wenye namba, hivyo zikitoka hakuna kutafutana.

Unaijua mechi kwa nguo. Suruali za walinzi wetu zimechafuka mgongoni, maana yake walikuwa wanasukumwa mpaka chini chali. Jezi ya kwotabeki wetu, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, ina matope upande wa kushoto tu. Alikuwa anaangushwa kutoka upande uleule mchana kutwa, na aliyetakiwa kumlinda hapo ni mtoto wa mwaka wa kwanza, kwa sababu aliyekuwa na nafasi hiyo mwaka jana sasa anachezea timu yenye uwanja wa watu 80,000.

Saa 1 asubuhi

Anaingia mama anayesafisha ofisi za juu, mtu wa Uvira, Kongo. Huwa namwamkia shikamoo, naye hunijibu "jambo" huku akicheka, anasema shikamoo zetu watu wa pwani zinamzeesha.

"Mulipigwa tena, mwana wangu?"

"Tumepigwa, mama."

"Na franga walilipa?"

"Walilipa."

"Basi hamukupigwa. Mulienda kazini."

Akapanda ngazi na ndoo yake, nikabaki nacheka peke yangu. Hili ndilo jambo linalonishinda kuwaeleza watu wa nyumbani. Kwetu ukisema timu imeuza mechi, watu wanashika mawe. Huku mechi inauzwa kihalali, kwa mkataba, sahihi na muhuri. Chuo kikubwa kinataka mechi ya nyumbani ya kujaza uwanja na kupata ushindi mwepesi, chuo kidogo kinataka hela. Northern Illinois walilipwa dola milioni 1.4 kwenda kwa Notre Dame Septemba 2024. Appalachian State walilipwa dola 400,000 kwenda Michigan mwaka 2007. Hela hiyo haimfikii kocha. Inakwenda kwenye mfuko wa idara nzima ya michezo, inalipia waogeleaji, wakimbiaji, soka la wanawake. Mkataba wa mechi ya jana ulisainiwa kabla kocha wetu hajafikiria hata kuja hapa. Kipigo alikikuta mezani kinamsubiri, lakini kwenye rekodi kinaandikwa jina lake.

Wakati mwingine, ni kweli, aliyenunua ng'ombe hupigwa teke. Northern Illinois walishinda 16 kwa 14. Appalachian State walishinda 34 kwa 32. Ndiyo maana mashabiki wetu huamka na matumaini kila mechi ya namna hii. Lakini Septemba hiyohiyo ya 2024, Kent State walikwenda Tennessee wakala 71 kwa 0, Jumamosi iliyofuata wakaenda Penn State wakala 56 kwa 0. Msimu wakaumaliza bila ushindi hata mmoja katika mechi 12. Hizo nguo nazo kuna mtu alizifua.

Saa 3 asubuhi

Chai, na ubishi. Mkuu wangu wa kitengo ni mzungu wa hapahapa, yuko stoo hii tangu mimi niko shule ya msingi. Namwita Mzee, naye ameshazoea, anadhani ni cheo. Ubishi wetu wa kila wiki: ni kazi gani ya ukocha mkuu iliyo mbaya kuliko zote katika mpira wa vyuo?

Mzee anasema ni Massachusetts. Walipopanda daraja la juu mwaka 2012 wakapeleka mechi zao za nyumbani Foxborough, mwendo wa zaidi ya saa moja na nusu kutoka chuoni. Hebu fikiria mwanafunzi anapanda basi kwenda kuangalia timu yake ikifungwa "nyumbani". Kisha wakatoka kwenye ligi yao na kuanzia 2016 wakakaa miaka bila ligi yoyote kwa mpira huu, wakitafuta wapinzani kama mtu anayetafuta lifti barabarani, hadi waliporudi mwaka 2025.

Mimi nasema ni New Mexico State, na sababu yangu ni ya kinyume: si kwa kuwa walishindwa, ni kwa kuwa walishinda. Ile timu ilikaa kutoka 1960 hadi 2017 bila kugusa mechi ya bakuli, zile mechi za heshima za mwisho wa msimu. Akaja Jerry Kill, mtu mzima, mgonjwa wa kifafa, amefundisha sehemu nyingi. Mwaka 2023 akashinda mechi 10. Akaenda Auburn, mechi ya kununuliwa kabisa, akawachapa 31 kwa 10 mbele ya watu wao. Unadhani walimjengea sanamu? Msimu ulipokwisha akaenda Vanderbilt kuwa mshauri. Kocha wake wa mashambulizi akaenda Vanderbilt. Kwotabeki wake, Diego Pavia, akaenda Vanderbilt. Oktoba 2024 Vanderbilt hao, ambao nao kwa miaka mingi walikuwa mfano wa kazi mbaya katika SEC, ligi ya vyuo vikubwa vya kusini, wakaifunga Alabama 40 kwa 35 ikiwa namba moja nchini, mashabiki wakang'oa nguzo za goli na kuzitupa kwenye mto Cumberland. New Mexico State mwaka huo walishinda mechi 3.

"Kwa hiyo kazi mbaya ilikula kazi mbaya mwenzake," Mzee akasema.

Ndivyo ninavyoona. Kazi inayoshindwa tu inatibika. Bill Snyder aliichukua Kansas State baada ya msimu wa 1988 wa vipigo 11 bila ushindi, ikiwa timu ya kwanza ya daraja lao kufikisha vipigo 500, na leo uwanja una jina la familia yake. Indiana walishinda mechi 3 mwaka 2023, akaletwa Curt Cignetti, wakashinda 11 mwaka uliofuata. Lakini Snyder alipewa miaka, na Cignetti ana ligi yenye hela za televisheni. Kocha wetu hana hata kimoja. Akifungwa anafukuzwa. Akishinda, wachezaji wake wanachukuliwa kabla matope hayajakauka, kisha anachukuliwa yeye, na hapo namlaumu nani? Hata mimi ningeenda.

Mzee akataja Army, timu ya chuo cha kijeshi, kwamba pale kijana akihitimu anadaiwa miaka 5 jeshini, nani atakubali? Nikamwambia hiyo mimi siiweki kwenye orodha. Kijana wa Army hanunuliki kirahisi. Kocha anakaa naye, anamkomaza, anamtumia. Mzee hakunijibu, na kwa Mzee kutojibu ndiko kukubali.

Saa 6 mchana

Tanga ni saa 2 usiku. Kaka anapiga, amekwishaona matokeo kwenye simu.

"Mdogo wangu, 63 hizo ni magoli au ni bei ya mchele?"

Kaka ni Coastal Union damu, wa tangu ubingwa wa 1988, kwa hiyo mateso ya timu inayolea wachezaji wa wengine hayahitaji kuelezwa. Mwamnyeto alikuwa nahodha wao, 2020 Yanga wakamchukua. Kaka hajapona. Lakini nilipomwambia kwamba huku mchezaji akihama, chuo kikubwa hakikilipi chuo kidogo ada ya uhamisho kama tunavyoijua sisi, alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Hata nauli?"

"Hata nauli, kaka."

Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kuwalipa, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5. Kuruhusiwa na kuwa nazo ni mambo mawili. Sisi matajiri wa timu ni mwenye duka la matrekta na daktari mmoja wa meno. Kaka akauliza basi kwa nini kocha haachi kazi. Nikamwambia makocha wa timu kubwa wakifukuzwa wanalipwa mpaka kizazi cha tatu, Jimbo Fisher aliondolewa Texas A&M mwaka 2023 akidai zaidi ya dola milioni 75. Huyu wetu akiacha mwenyewe, ndiye atakayedaiwa.

"Mungu amsaidie," kaka akasema, kisha akaniuliza kama ile hela ya bati nimetuma.

Saa 10 jioni

Nakwangua rangi. Helmeti zikigongana zinaambukizana, na zetu zimerudi na michirizi myekundu ya wenyeji wa jana. Sifongo, dawa kidogo, unasugua kwa mduara. Helmeti ya mlinzi wetu wa kati namba 44 ina nyekundu mbele, pembeni, hadi kisogoni. Huyo peke yake ndiye aliyekuwa anawafikia.

Nikiwa naye mkononi, yaani na helmeti yake, namba 44 mwenyewe akaingia. Amevaa kandambili. Akasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa kukopa sukari.

"Naomba nirudishe vifaa vyangu."

Sikuuliza. Kanuni inasema mchezaji akicheza mechi zisizozidi 4 kwa msimu anaweza kuuhifadhi mwaka huo usihesabiwe katika miaka yake ya kucheza chuoni. Jana ilikuwa ya 4. Akikaa nje sasa, dirisha la uhamisho likifunguliwa baada ya msimu anaondoka na mwaka mzima mfukoni. Kuna mtu amempigia simu. Huwa kuna mtu amepiga simu.

Akaweka mezani pedi za mabega, mkanda wake wa namba, glavu jozi mbili. Kuiona helmeti yake imeshakaribia kung'aa akasema asante, nafikiri kwa ile rangi niliyoitoa. Ni mtoto mzuri. Mama yake hufanya kazi zamu za usiku kwenye kiwanda cha nyama, na nikifikiri vizuri, mimi ningemshauri nini?

Saa 3 usiku

Kocha amekuja kukunja taulo. Wengi hawajui hili. Jumapili usiku, akishamaliza kutazama mkanda wa mechi na wasaidizi wake, akishazungumza na mkurugenzi wa michezo, anashuka stoo, anakaa juu ya kasha na kukunja taulo. Anakunja vibaya. Mzee hunikonyeza nisimrekebishe, tutazikunja upya akiondoka.

Leo alikunja kama kumi hivi ndipo akauliza, macho yakiwa kwenye taulo:

"44 amepita hapa?"

"Amepita, kocha."

"Umeshabandua jina lake kwenye kabati?"

"Bado."

"Liache mpaka Jumanne. Kesho naendesha gari kwenda kwa mama yake. Mwendo wa saa nne kwenda, saa nne kurudi." Akasimama, akashika kiuno. "Anapenda keki ya ndizi, huyo mama. Nilipomsajili mtoto nilipeleka keki ya ndizi."

Akatoka. Nikachukua mkanda wa namba 44, nikaufunga soksi zake na fulana zake kama kawaida, nikautupia kwenye mashine pamoja na wa wenzake. Mzee akaanza kukunja upya zile taulo.