Siku moja maishani mwangu: mtunza nyasi wa Newport na mabingwa wa 1881

Saa 11 alfajiri. Basi namba 60 linatoka Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani, bado giza. Abiria wa saa hizi tunajuana: wapishi, wafagiaji wa hoteli, akina mama wa Kikongo na Kiswahili chao cha Uvira. Mmoja hunitania kila akiniona: "Kaka, bado unachunga majani ya wazungu?" Namjibu, mama, majani ndiyo yanayonichunga mimi. Tukivuka daraja la Mount Hope kunakuwa kumepambazuka.

Saa 12 na nusu. Naingia Newport Casino, barabara ya Bellevue; jina lisikudanganye, ni klabu ya zamani yenye viwanja vya tenisi vya nyasi. Jengo la mbao, varanda zimezunguka uwanja. Aliyelijenga ni James Gordon Bennett Mdogo, likafunguliwa 1880. Watanzania wenzangu tunamdai salamu huyu bwana: gazeti lake, New York Herald, ndilo lililomtuma Stanley kumtafuta Livingstone, wakaja kukutana kwetu Ujiji mwaka 1871. Miaka kumi baadaye, nyasi za jengo lake zikaandaa mashindano ya kwanza ya taifa ya tenisi ya Marekani, kuanzia 31 Agosti hadi 3 Septemba 1881.

Kazi ya kwanza ni umande. Mimi na mwenzangu, mzee wa Kireno, tunashika bomba la maji huku na huku na kuliburuta uwanja mzima ili matone yaanguke. Ukipitisha mashine juu ya umande, nyasi zinagandamana na kuvu hawachelewi. Zikikauka ndipo tunakata, kimo kama milimita 8, kwenda na kurudi mpaka mistari ya kijani kibichi na kijani mpauko itokee. Kazi hii siharakishwi na mtu, na sababu nitaieleza.

Saa 2 asubuhi. Vigingi, kamba, kigari cha kuchorea mistari kwa rangi nyeupe. Uwanja wa mmoja mmoja una upana wa futi 27, wa wawili wawili futi 36. Kisha neti. Naanza na nguzo, futi tatu na nusu, halafu naivuta katikati kwa mkanda mpaka ishuke futi tatu kamili.

Hapo kwenye nguzo pana habari. Mwaka 1881 neti ilikuwa na futi nne pembeni na tatu katikati. Nusu futi unaiona ndogo, lakini hebu simama ukingoni upige mpira wa chini unyooke na mstari: unagonga neti. Kwa hiyo mipira mingi ilipita katikati, pale palipo chini, na mtu akisimama karibu na neti anaipiga ikiwa bado hewani, kirahisi.

Saa 4. Wachezaji waliolipia wanaingia. Leo ni wazee wanne, wawili wawili, na hao ndio wateja wangu wapenzi maana hawaburuzi miguu. Mimi siangalii mpira, naangalia viatu. Nyasi hazifichi kitu. Mwezi huu wa Agosti mstari wa nyuma umekwangurika mpaka udongo, na kuna vipara vingine viwili karibu na neti kila upande, sambamba. Maana yake siku hizi wote wawili wanasonga mbele.

Uwanja wa 1881 ungekuwa na vipara vya namna nyingine. Clarence Clark na Fred Taylor wa Philadelphia waligawana kazi: mmoja mbele kwenye neti, mwenzake nyuma anarudisha mipira yote inayopita. Wakawatoa James Dwight na Richard Sears, huyo Sears aliyechukua ubingwa wa mmoja mmoja wiki ile ile! Fainali wakawashinda Van Rensselaer na Newbold 6–5, 6–4, 6–5. Ndiyo, 6–5. Hakukuwa na habari ya kuongoza kwa gemu mbili. Ukifika gemu sita umemaliza seti. Kwa mtunza nyasi ni sheria tamu.

Saa 7 mchana. Wali na maharage, kivulini. Sasa ile sababu.

Kabla ya Newport nilifanya kazi kwenye ghala moja, silitaji. Ulivaa kifaa mkononi kinachohesabu sekunde toka rafu mpaka rafu, na ukienda msalani kinaandika. Siku moja hapa nikasikia muongozaji wa wageni akimweleza mtu kwamba Fred Taylor wa 1881 ndiye Frederick Winslow Taylor. Yule yule! Wakati ule alikuwa kijana wa miaka 25 kwenye kiwanda cha chuma cha Midvale, na ndiye aliyekuja kuwa baba wa kumpima mfanyakazi kwa saa, kila mkono unaponyanyuka. Clark alioa kwa akina Taylor, kwa hiyo mabingwa wetu ni mashemeji. Taylor hakutulia hata kwenye mchezo: alibuni raketi yenye mpini uliopinda kama kijiko, akaisajili kabisa.

Sikucheka sana. Nilitafuna wali wangu nikifikiria kwamba kifaa kile kilianza na mtu aliyekanyaga hapa ninapokata.

Saa 9 alasiri. Kuziba vipara. Mchanga, mbegu, udongo laini, nakanyaga kwa upande wa kiatu, namwagilia kidogo kidogo. Mgongo unauma, kichwa kiko huru.

Kinachonifurahisha ni kwamba mgawanyo ule wa kazi haukudumu. Mwaka 1883 Clarence na ndugu yake Joseph walivuka bahari kucheza Wimbledon na mapacha Ernest na William Renshaw, wakafungwa mara mbili. Mapacha hawakugawana mbele na nyuma. Walikwenda wote, wakarudi wote. Mwaka uliofuata Wimbledon walianzisha ubingwa wa wanaume wawili wawili na hao hao wakautwaa. Hapa kwetu Dwight na Sears walishakaza buti, wakachukua taji 1882, 1883 na 1884.

Mzee wa Kireno ananiambia naongea peke yangu. Namwambia nagombana na Taylor.

Saa 11 jioni. Kamba zinazungushwa kwenye viwanja vya kupumzishwa, vifaa vinaoshwa. Kesho kuna waliokodi uwanja wa mwisho, wawili wawili, vijana, na vijana wanakimbilia neti kama wanafukuzwa. Nimewahamishia uwanja wa pili, ambao mbele yake bado kuna nyasi. Basi la kurudi liko karibu, na mama wa Uvira ameniagiza mahindi ya kuchoma nikipita sokoni.