Siku moja maishani mwangu: kazi yangu ni kuogesha watu

Saa 11:30 alfajiri
Naamka, ila mgongo umeamka kabla yangu. Naogesha wazee na wagonjwa majumbani mwao mwaka wa 9 huu, na cha kushangaza aliyeumia vibaya zaidi bafuni mpaka leo ni mimi mwenyewe. Mama mmoja alianza kuteleza nikamdaka huku nimeinama na kujipinda, kitu kiunoni kikalia ka! Siku hizi mtu akianza kuanguka simdaki, namvutia mwilini kwangu namshusha taratibu mpaka chini, tunakaa wote sakafuni tunaangaliana kama wajinga, lakini wazima.

Saa 1:00 asubuhi
Babu wa kwanza ana kisukari na nyayo zake zina ganzi, yaani maji yakimuunguza hajui mpaka aone malengelenge. Naweka maji baridi kwanza kwenye beseni ndiyo namimina ya moto, nachovya kiwiko halafu kipimajoto, ikisoma 38 inatosha. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ndani ya sekunde chache tu, na ngozi ya mzee ni nyembamba kama ganda la kitunguu ndiyo maana hata kumfuta nagusisha taulo tu, sisugui, inachubuka. Leo kanuna, "mwanangu, haya si maji ya mtoto mchanga?" Nikamwambia babu, ndiyo hayo hayo. Akacheka.

Saa 3:00
Mama wa kiharusi, upande wa kushoto. Kuvua nguo naanza na mkono mzima, kuvaa naanza na ule mgonjwa. Kumbe binti yake wiki nzima alikuwa anamnyanyua kwa kumshika makwapani, na mama analalamika bega, wakadhani ni baridi. Bega lililolegea hivyo ukilivuta linaachia. Nilipomwonyesha binti alinyamaza kabisa. Simlaumu, nani alimfundisha?

Saa 5:00
Hapa sasa. Mzee mwingine, mwili mkubwa, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Tumeoga vizuri, tumepiga stori, nimefunga bomba, na mimi huwa nasema hatari si wakati wa kuoga, hatari ni pale ukishaona mmemaliza. Taulo nilikuwa nimeliacha mlangoni. Hatua 2 tu. Nikageuka, naye akasimama mwenyewe.

Maji ya moto yanatanua mishipa, presha inashuka, ukiinuka ghafla kichwa kinazunguka. Akapapasa, akashika kile chuma cha kutundikia taulo. Nilikiona kinavyotoka, skrubu 2 fupi na vumbi jeupe la plasta likimwagika kwenye maji. Akarudi kukaa kwa kishindo, bahati kiti nilikuwa nimekifunga breki, ila kisogo kikagonga vigae. Ko.

Hakuna damu, hakuna nundu. "Niko sawa, usiwasumbue watu." Lakini mtu wa dawa zile akigonga kichwa humsikilizi akikwambia yuko sawa, maana damu inaweza kuvuja ndani polepole na yeye anaongea vizuri tu. Nikapiga simu kwa mwanawe, nikamvalisha hapo hapo alipokaa, tukaenda hospitali. Kaninunia njia nzima.

Saa 8:00 mchana
Wateja 2 wa mchana nimewaahirisha. Niko kwenye benchi nawaza taulo. Mwanawe ananiambia ni bahati mbaya, lakini bahati gani, sheria ni yangu mwenyewe na huwa nawafundisha wenzangu: kila kitu kiwe karibu na mkono kabla hujafungua bomba. Nimemwambia ukweli kwamba niligeuka. Nimemwambia pia atafute fundi aweke vishikio vya kushikia mtu, vilivyoshika kwenye ukuta wenyewe, kile chuma asikirudishie.

Saa 11:00 jioni
Picha ya kichwa imetoka safi. Wanabaki naye usiku wa leo wamwangalie. Ameomba radio yake.

Saa 2:00 usiku
Zamu yangu sasa kuoga. Ndala zipo, sabuni ipo, mkeka wa raba umeshika sawasawa, maji ya uvuguvugu mgongo unashukuru. Nimejaa povu kichwani mpaka kwenye vidole, nanyoosha mkono, taulo liko kitandani.